Injini za ndege hujaribiwa vipi kabla ya kubeba abiria?

INJINI mpya ya ndege hairuhusiwi kubeba abiria kabla ya kupitia majaribio makali ardhini.

Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) zinataka injini ya jeti iendeshwe kwa saa 150, kwa kawaida katika awamu 25 za saa sita sita, ikipandishwa mara kwa mara hadi nguvu za kurukia. Kisha hufunguliwa na kukaguliwa.

Injini pia humiminiwa maji, hurushiwa barafu na mizoga ya ndege wa angani. Katika jaribio jingine, bapa moja la feni hukatwa makusudi likizunguka kwa kasi, kuthibitisha kwamba vipande havitatoboa ganda na kudhuru ndege.

Hata hivyo, chuma huchoshwa zaidi na kupata moto na kupoa katika kila safari. Ndiyo maana injini mpya ya ndege ya injini mbili, inapoombewa mapema kibali cha safari za mbali na viwanja, huigizwa safari zisizopungua 3,000, tangu kuwashwa hadi kuzimwa.

Vumbi nalo huziba vitundu vya kupozea mabapa ya turbini. Juni 24, 1982, majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia, yalizima injini zote nne za Boeing 747 ya British Airways. Marubani walifanikiwa kuziwasha tena, wakatua Jakarta. Wote waliokuwamo walinusurika.