Halloween, aimu na kibuyu cha Fada

MJUKUU wangu wa miaka tisa aliniuliza swali juma lililopita, chai yangu ikapoa kikombeni. Shuleni kwao hapa Nairobi wanafunzi wameagizwa waje wamevaa vinyago tarehe 31 Oktoba. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alikuwa amemsikia mhubiri redioni akiiita siku hiyo 'sikukuu ya mashetani', naye akakataa katakata. Mtoto akaja kwangu kukata rufaa. "Babu, Halloween kwa Kiswahili ni nini? Ni mashetani kweli?"

Mimi riziki yangu imetokana na maneno kwa zaidi ya miaka 30, basi nikaanza na jina. 'Hallow' katika Kiingereza cha kale ni mtakatifu. Ile 'een' ya mwisho ni ufupisho wa neno la jioni, kama walivyolitamka Waskoti. Mshairi wao Robert Burns alitunga shairi refu lenye jina hilo mwaka 1785. Kwa hiyo Halloween ni Mkesha wa Watakatifu Wote, siku inayotangulia sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba. Tarehe 2 ni ya kuwaombea marehemu wote. Shetani hayumo katika jina hilo, hata ukilipekua vipi.

Lakini binti yangu hakukosea moja kwa moja. Kabla ya Ukristo kufika Ireland, Wakelti walikuwa na sikukuu yao ya Samhain majira hayo hayo. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wamerudishwa kutoka malishoni, na msimu wa baridi na giza ndio unaingia. Iliaminika kuwa usiku huo mpaka baina ya walio hai na wafu hulegea. Kanisa lilipokuja na watakatifu wake, imani ile ya kale haikuondoka. Ilikaa kando, kama mgeni aliyezoea nyumba.

Mimi haya sikuyasoma kwanza vitabuni. Niliyapata Kitui mwaka 1970, nikiwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya misheni. Mapadri wengi wa Kitui siku hizo walitoka Ireland, na mmoja wao, tuliyemwita Fada tu, alitukusanya jioni ya tarehe 31 Oktoba nyuma ya jikoni. Alikuwa amechukua kibuyu kikubwa, akakitoboa macho mawili, pua na meno, akatia mshumaa ndani. Taa za karabai zilipozimwa, lo! Wavulana wakubwa wa darasa la saba walikuwa wa kwanza kutimua mbio.

Baadaye tulikula mkate wenye zabibu kavu ambao mpishi alikuwa ameupika kwa maelekezo yake. Kwao, alisema, hufichwa pete ndani ya mkate huo, na anayeikuta kipandeni mwake ndiye atakayetangulia kuoa au kuolewa. Wa kwetu aliutia senti kumi. Sikuipata mimi.

Kwa nini kibuyu? Nilimwuliza, akacheka. Kwao walichonga tanipu, mzizi mgumu wa duara ambao ukiukata kwa kisu unaweza kupoteza kidole. Walikuwa na kisa cha Jack, bahili aliyemlaghai Ibilisi hata akakataliwa mbinguni na jehanamu pia, akabaki kuzurura gizani na kaa la moto ndani ya tanipu. Njaa kuu ya viazi ilipoikumba Ireland kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya idadi hiyo wakahama, wengi wao kwenda Marekani. Huko walikuta boga, mmea wa asili ya bara hilo, kubwa, laini, rahisi kuchonga. Tanipu ikasahaulika. Hivyo boga la rangi ya machungwa tunaloliona leo kwenye madirisha ya supamaketi zetu ni la wahamiaji waliotumia walichokipata. Naye Fada alifanya vivyo hivyo. Mwishoni mwa Oktoba Ukambani mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza, mbegu za maboga ndizo zinafukiwa ardhini. Ungelitoa wapi boga? Vibuyu, navyo, havikosekani Kitui.

Jambo lililonishika zaidi, hata hivyo, halikuwa kibuyu. Fada alisimulia kwamba usiku wa mkesha mama yake hakuufunga mlango kwa komeo. Aliacha moto ukiwaka mekoni na kiti kitupu karibu nao, ili wafu wa nyumba ile wakipita waote moto.

Nyanya yangu alikuwa amefariki Agosti mwaka huo. Maisha yake yote alimwaga uji kidogo chini kabla ya kunywa, kwa ajili ya aimu, yaani roho za wahenga wetu. Nilipofanya hivyo kwa ajili yake pale bwenini, mwalimu wa katekisimu aliniona, akanipigisha magoti kwenye kokoto mpaka saa ya chakula ikapita. Alisema aimu ni mashetani. Tangu siku hiyo sikulitaja jina la nyanya, hata moyoni. Basi nikamwuliza Fada mbele ya wote, "Kwani kwenu pia kuna aimu?" Alikaa kimya kidogo, akanitazama. "Kuna mama yangu," akasema, "na kile kiti sasa ni chake."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilimsoma John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui kwetu, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Anaeleza kuwa marehemu hubaki katika kundi la 'wafu walio hai' maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, kwa vizazi vinne au vitano hivi. Nilisoma ukurasa huo nikiona kokoto zile.

Isitoshe, lugha yenyewe inatoa ushahidi. 'Iimu', umoja wa aimu, ni nduguye 'mzimu' wa Kiswahili, 'mudzimu' wa Kishona na 'muzimu' wa Kiganda. Shina ni moja. Kwa Washona ni mhenga anayeheshimiwa. Kwetu Waswahili shina hilo hilo limezaa 'zimwi' la kula watoto hadithini, na 'kuzimu' ya kutisha kwenye Biblia. Wagikuyu nao wana 'irimu', na Wazulu 'izimu', majitu yale yale ya hadithi. Mhenga aliyekuwa akikaribishwa uji amegeuka dubwana, kama vile watakatifu wa ule mkesha walivyogeuzwa mashetani wa redioni.

Nilimweleza mjukuu haya, mengine nikayaruka. Mama yake alisikiliza kutoka jikoni asiseme kitu, ila baadaye aliuliza kama vibuyu vinapatikana Gikomba. Mtoto alitaka kujua nyanya yangu aliitwa nani. Nikamtajia. Akaleta daftari, akaniomba nimwandikie jina hilo herufi kwa herufi, nami nikamwandikia.