Kuita koleo koleo: safari ya nahau ya Kiingereza

Waingereza wana nahau ya zamani kuhusu mtu asiyemung'unya maneno: husema kwamba mtu huyo huliita koleo kwa jina lake. Nahau hiyo imeingia hata katika Kiswahili, ambako wasemaji wa majukwaani hupenda kuongeza kwamba koleo si kijiko kikubwa. Hata hivyo, katika asili yake hakukuwa na koleo.

Mwandishi wa Kiyunani, Plutarch, aliyezaliwa katika karne ya kwanza, amesimulia kisa cha Mfalme Filipo wa Makedonia. Mwaka 348 kabla ya Kristo Filipo aliuteka mji wa Olynthus, akisaidiwa na baadhi ya wenyeji, akiwemo Lasthenes. Wenzake Lasthenes walipolalamika kwamba watu wa mfalme wanawaita wasaliti, Filipo hakuwaomba radhi. Aliwajibu kuwa Wamakedonia ni watu wa shamba wasiojua adabu za mjini. Kwao hori ni hori. Usaliti ulibaki na jina lake, hata mbele ya yule aliyefaidika nao.

Hori iligeuka koleo mikononi mwa Erasmus, mwanachuoni wa Uholanzi. Alipokieleza kisa hicho kwa Kilatini alitumia neno lenye maana ya chombo cha kuchimbia. Yaelekea alichanganya maneno mawili ya Kiyunani yanayofanana. Mwaka 1542 Mwingereza Nicholas Udall akafasiri maandishi ya Erasmus, na kosa likawa nahau. Yachekesha kidogo kwamba msemo wa kuita vitu kwa majina yake umetokana na kitu kilichopewa jina lisilo lake.

Mwaka 1895 Oscar Wilde aliutumia katika tamthilia yake, The Importance of Being Earnest, kuwacheka mabibi wa tabaka la juu: mmoja ajigamba kwa kusema wazi, mwenziwe ajivunia kutopata kuliona koleo maishani.

Nchini Marekani mambo si ya kuchekesha. Tangu miaka ya 1920 neno hilohilo la Kiingereza limetumika pia kuwatukana watu weusi. Tusi lenyewe lilitokana na karata ya shupaza, kwa sababu ya weusi wake, wala halihusiani na koleo. Lakini anayetukanwa hana haja ya kuchambua asili za maneno. Wamarekani wengi sasa huiepuka nahau hiyo, na Mswahili aliyehamia Chicago, akiitumia kazini kwa nia ya kusifu ukweli, huenda akashangaa kuona nyuso za wenzake zikibadilika.