Kupatwa kwa Jua na Kupatwa kwa Mtu

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Jua likifichwa na mwezi twasema limepatwa. Mwezi ukiingia katika kivuli cha dunia twasema umepatwa. Na mtu naye akifikiwa na homa au msiba, twasema amepatwa. Msemaji hana nia ya kuyafunga mambo hayo pamoja, lakini tangu zamani wako watu walioyafunga, tena si kwa neno tu bali kwa hesabu ndefu, wakitaka kujua: hilo lililolipata jua leo, litampata nani kesho?

Walimu wengi huulizwa swali hilo kila mara habari za kupatwa zinapoenea. Kwa sababu hiyo twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu asili ya elimu hii, kanuni zake, na jinsi ilivyouingia hata mji wa Roma, ikamtia hofu Papa mwenyewe. Maana si haki kudhani kwamba hofu hii ni ya wasiosoma tu. Imewashika zaidi waliosoma sana.

Habari za kale zaidi twazipata Babeli na Ashuru. Huko kupatwa kwa mwezi hakukuwa ishara ya mtu yeyote tu. Kulikuwa ishara ya mfalme na ya nchi. Uso wa mwezi uligawanywa sehemu nne, kila sehemu na nchi yake, na kivuli kilipoanzia ndipo palipoonyesha ni mfalme yupi aliye hatarini. Lakini kama nyota ya Mushtari ilionekana wakati mwezi umepatwa, mfalme alihesabiwa kuwa salama. Isipoonekana, kulikuwa na desturi ya kutisha. Mtu mwingine aliwekwa katika kiti cha enzi, akavikwa mavazi ya kifalme, akapewa na mwanamke wa kuwa malkia wake, ili baya lililoandikwa limwangukie yeye. Mfalme wa kweli alijificha, na muda huo uliweza kufika siku 100. Ulipokwisha, yule badala aliuawa. Esarhadoni, mfalme wa Ashuru ambaye Biblia inamtaja katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, aliifuata desturi hiyo zaidi ya mara moja. Basi tangu mwanzo wake elimu hii ilikuwa na mtu aliyeilipia kwa uhai wake.

Zamani hizo mtu wa kawaida hakuwa na nyota yake mwenyewe. Mbao za udongo za kale kabisa zijulikanazo, zenye kuandikwa mahali pa nyota siku aliyozaliwa mtoto, ni za mwaka 410 kabla ya Kristo, nazo zatoka Babeli. Baadaye Wayunani waliipokea elimu hiyo, wakaongeza jambo moja kubwa, yaani ile sehemu ya mbingu inayochomoza upande wa mashariki katika saa ya kuzaliwa. Tangu hapo kila mtu aliweza kuchorewa mchoro wake: jua, mwezi, sayari tano, na buruji 12, kila buruji nyuzi 30, jumla nyuzi 360.

Aliyezipanga kanuni hizo vizuri kuliko wengine ni Claudius Ptolemaeus, aliyekaa Iskandaria katika Misri, karne ya pili baada ya Kristo. Mtu huyu aliandika vitabu viwili ambavyo yafaa kuvitenga. Kimoja ni cha hesabu za mbingu, nacho chajulikana kwa jina lililopitia Kiarabu, Almagest. Humo msomaji hufundishwa kuhesabu siku na saa ya kupatwa. Cha pili, Tetrabiblos, chaeleza maana ya mambo hayo kwa nchi na kwa watu.

Kanuni za kitabu hiki cha pili, kwa kifupi, ni hizi. Kwanza hutazamwa buruji ambamo jua au mwezi umepatwa, kwani kila buruji ina nchi zake. Pili hutazamwa urefu wa wakati: jua likipatwa, saa moja ya giza huhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa matokeo, mwezi ukipatwa, saa moja huwa mwezi mmoja. Tatu hutazamwa mahali katika anga: kupatwa kukiwa upande wa mashariki, matokeo yataanza katika miezi minne ya kwanza; kukiwa katikati ya mbingu, katika miezi minne ya pili; kukiwa magharibi, katika miezi minne ya mwisho. Nne, na hili ndilo linalomhusu mtu mmoja mmoja, walio hatarini zaidi ni wale ambao jua lao, au mwezi wao, au pembe za mchoro wao wa kuzaliwa, ziko mahali pale pale palipopatwa, au mkabala wake. Tena kulikuwa na hesabu nyingine ya maisha ya mtu: mahali pa uhai katika mchoro wake husogezwa mbele mpaka pakutane na nyota mbaya, kama Zohali au Mirihi, na kila digrii moja ya safari hiyo huhesabiwa mwaka mmoja. Hesabu zote mbili zikielekeza mwaka mmoja, mnajimu alisema: huu ndio mwaka wake.

Elimu hiyo ilipita kwa Waarabu, nao wakaipeleka pande mbili. Upande wa kaskazini ilifika Ulaya kwa tafsiri za Kilatini. Upande wa kusini ilifika pwani yetu pamoja na vyombo vya pepo za msimu, nayo imeacha majina yake katika Kiswahili: falaki, mnajimu, buruji, na buruji zenyewe, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, na nyingine hata Hutu. Kwa hiyo kitabu cha mnajimu wa Lamu au Unguja na kitabu cha mnajimu wa Roma ni kama watoto wa baba mmoja.

Na sasa tuje Roma. Mwaka 1623 Kardinali Maffeo Barberini alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Urban VIII. Alizaliwa mwaka 1568. Alikuwa mtu wa elimu na mshairi wa Kilatini. Hata hivyo aliziamini nyota. Inasimuliwa kwamba aliagiza ichorwe michoro ya kuzaliwa ya makardinali waliokaa Roma, na kwamba hakuona haya kutaja siku za kufa kwao. Basi wengine nao wakaanza kumchorea yeye. Zama hizo vita kuu ya miaka 30 ilikuwa ikiendelea katika Ulaya, na Wahispania walimwona Papa kuwa anaelemea upande wa Wafaransa. Kwa hiyo wako waliopenda kusikia kwamba siku zake ni chache. Mwezi ulipatwa Januari 1628, na jua Desemba mwaka huo huo. Wanajimu wakasema Papa hatavuka. Akavuka. Wakasogeza hesabu mpaka Juni 1630, jua litakapopatwa katika buruji ya Jauza. Elimu hii haikosi pa kutokea.

Papa hakucheka. Alimwita Mdominiko mmoja, Tommaso Campanella wa Calabria, naye aliyezaliwa mwaka 1568, mtu aliyekaa kifungoni Napoli tangu 1599 hata 1626 kwa shitaka la uasi na uzushi, akateswa vikali. Campanella alidai kwamba anajua kuzuia mabaya ya kupatwa. Wawili hao walijifungia katika chumba kilichozibwa hewa ya nje isiingie. Kuta zilitandikwa vitambaa vyeupe, na matawi yakapambwa. Hewa ya chumbani ikanyunyizwa siki ya waridi na manukato. Ziliwashwa taa mbili badala ya jua na mwezi, na mienge mitano badala ya sayari tano, ili mbingu ya nje ikiharibika, mle ndani iwemo mbingu nzima isiyopatwa. Zikapigwa nyimbo za kupatana na Mushtari na Zuhura, nyota za heri. Msomaji atakumbuka kwamba Ashuru nako Mushtari ndiyo iliyomwokoa mfalme. Miaka elfu mbili na zaidi ilikuwa imepita, na tumaini lilikuwa lile lile.

Mwaka 1629 maelezo ya ibada hiyo yalitokea katika kitabu cha Campanella kilichopigwa chapa Lyon, katika Ufaransa. Wako waliokitoa kwa makusudi ili kumwaibisha. Aibu ikamfikia na Papa.

Ndipo lilipokuja jambo lenye uchungu. Katika monasteri ya Santa Prassede, mjini Roma, alikuwako abati aliyeitwa Orazio Morandi, wa shirika la Vallombrosa. Nyumba yake ilikuwa na maktaba kubwa, ambamo watu wa vyeo waliazima vitabu, hata vile vilivyokatazwa. Morandi alifanya hesabu zake, akaandika kwamba Papa atakufa mwaka 1630 kwa ajili ya kupatwa kule kwa Juni. Maandishi hayo yalienea, na watu wakaanza kusemezana juu ya atakayemfuata. Juni ikapita, Papa yu mzima. Mwezi wa Julai Morandi alikamatwa pamoja na wengine, na mnamo Novemba akafa gerezani kabla ya kuhukumiwa. Watu walinong'ona sumu. Waganga waliomtazama walisema homa. Hivyo katika mwaka ule kifo kilikuja kweli, lakini kilimpata aliyehesabu, si aliyehesabiwa.

Aprili 1631 Papa alitoa sheria ijulikanayo kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, *Inscrutabilis*, maana yake hukumu za Mungu zisizochunguzika. Kabla yake Sixtus V alikwisha kuukataza unajimu wa namna hiyo mwaka 1586. Lakini sheria ya 1631 iliwalenga hasa wale watakaotabiri juu ya mambo ya Kanisa, na juu ya uhai au kifo cha Papa na cha jamaa zake hata daraja la tatu; nayo ilitaja adhabu ya kifo na kunyang'anywa mali. Twaomba msomaji apime jambo hili. Jina la sheria lasema kwamba mwanadamu hawezi kujua. Adhabu zake zaonyesha jinsi walivyoogopa kwamba huenda akajua, au kwamba watu wataamini amejua. Yule aliyejifungia kati ya mienge mitano hakuwa bado ametoka katika hofu yake.

Mwisho wao ulikuwa hivi. Campanella alikimbilia Ufaransa mwaka 1634. Mwaka 1639 alihesabu kwamba kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Juni kutamdhuru yeye mwenyewe, akaifanya tena ibada yake, safari hii kwa ajili ya nafsi yake, katika nyumba ya Wadominiko Paris. Alikufa tarehe 21 Mei, siku 11 kabla ya jua kupatwa. Papa Urban VIII aliishi hata Julai 1644, miaka 14 baada ya mwaka aliopewa kuwa wa mwisho.

Wako watakaosema: Je, Campanella hakupatwa kweli? Twajibu: alikuwa mzee wa miaka 70, mwenye mwili uliovunjwa na mateso. Tena kumbuka wote waliohesabiwa wasife. Mtabiri hukumbukwa kwa moja lililotokea, yasiyotokea husahauliwa.

Lakini twaona kosa lenyewe liko ndani zaidi. Mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Haya yote ni uongo," atashindwa, kwa sababu mwanafunzi atajibu, "Mbona siku ya kupatwa waliijua?" Naye atakuwa amesema haki. Waliijua. Kitabu cha kwanza cha Ptolemaeus ni hesabu, na hesabu hiyo imesahihishwa na kuzidi kusahihishwa hata leo, tukaweza kutaja dakika. Kitabu cha pili si hesabu, ingawa kimevaa tarakimu. Hakuna aliyeonyesha kwa nini saa moja ya giza iwe mwaka mmoja, au digrii moja iwe mwaka wa uhai. Lakini mtu akiisha kuona kwamba mnajimu amesema kweli juu ya jua, humwamini pia juu ya mtu. Ukweli wa kitabu cha kwanza huazimwa na kitabu cha pili, wala haurudishwi.

Pwani yetu imelijua onyo hili siku nyingi. Waislamu husimulia kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa huko Madina. Wengi wanaihesabu siku hiyo kuwa 27 Januari 632. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto. Baba mwenyewe, katikati ya msiba wake, akawakatalia, akisema kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 10, aliwaonya watu wake wasizihofu ishara za mbinguni kama walivyozihofu mataifa.

Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, watu wengi walikusanyika Rujewa, katika Mbarali, kulitazama likibaki kama pete. Siku ilitangazwa mapema, na saa ikawa ile ile iliyotangazwa. Siku kama hizo zafaa sana kwa mafundisho. Mwalimu na awape watoto chungwa na kokoto, awaonyeshe kivuli kinavyosafiri, awaache wahesabu wenyewe. Halafu na awaulize: katika hesabu hii yote, ni wapi tulipoandika jina la mtu?

Tungefurahi kupokea kutoka kwa wasomaji wetu wa bara maneno ambayo lugha zao hutumia kwa kupatwa kwa jua na mwezi, na kujua kama neno hilo hutumika pia kwa ugonjwa na msiba kama katika Kiswahili.