Bakuli la Supu Chapwa

Asubuhi moja nilifika Chapwa, pale Tunduma, nikiwa na njaa ya safari. Banda la mama lishe mmoja lilikuwa limejaa hadi nje: madereva wa malori, mautingo wao, vijana wa bodaboda. "Karibu baba, supu ipo, subiri kidogo," alisema mwenye banda. Nikangoja. Nilipoletewa bakuli la supu ya utumbo na chapati mbili, nikaelewa kwa nini hakuna aliyelalamikia foleni.

Foleni ile ina historia yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami, na mwaka 1970 ikaanza kujengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilifika Tunduma mwaka 1973, ikakabidhiwa Julai 1976. Tumesoma habari za chuma, saruji na mafundi wa Kichina waliolima mboga zao kambini. Ni mara chache tumesoma juu ya aliyempikia dereva aliyelala mpakani siku tatu akingoja karatasi.

Alikuwa mtu kama mama yangu. Miaka ya themanini, unga na sukari vikiwa adimu, alipika wali na maharage kando ya barabara. Wateja walimwambia, "Mama, nitilie," na ndivyo akina mama wa kazi hiyo walivyopata jina la mama ntilie. Ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wachuuzi wasio na vibali walihesabiwa pamoja na wazururaji. Mama alificha masufuria uvunguni juma zima, kisha akarudi kupika. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika masufuria yale. Nami shuleni nilisema mama yangu ni mkulima.

Alifariki kabla sijamwomba radhi.

Nilipokuwa nalipa, nilimwuliza yule mama wa Chapwa kama ana watoto wanaosoma.

"Wawili. Mkubwa yuko kidato cha tatu."

"Huja kukusaidia?"

Akacheka huku akinihesabia chenji. "Huyo? Hataki hata kupita hapa, baba."

Sikuwa na la kumjibu.