Mluzi wa warina asali nao una lahaja

Wanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba lugha ni ya binadamu peke yake, na kwamba milio ya wanyama ni ishara tu. Sina ugomvi na fasili hiyo. Ila ukifuatilia historia ya warina asali wa Afrika na ndege aitwaye mlembe, utauona mpaka huo ukififia mahali.

Mlembe hupenda nta. Anajua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua gogo wala kuwafukuza wenyewe. Binadamu ana shoka na moto, ila porini hajui aanzie wapi. Mwaka 1609 kasisi Mreno João dos Santos, aliyewahi kuishi Sofala, mji wa biashara wa Waswahili katika Msumbiji ya leo, alichapisha kitabu kilichomtaja ndege aliyeingia kanisani kudonoa mishumaa, na ambaye huwaongoza watu kwenye asali. Kwa muda mrefu baada ya hapo wageni walimshangaa ndege kuliko walivyomsikiliza mtu anayemwita.

Aliyesikiliza kwa makini ni Mkenya. Mnamo 1989 Hussein Isack wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu Waborana wa kaskazini mwa nchi. Waborana wana mluzi waitao fuulido, unaopigwa kwa kupuliza hewa kati ya ngumi zilizofumbatwa, au kwa kombe la konokono, au kokwa la mkoma lililotobolewa. Husikika zaidi ya kilomita moja, na anayeupiga hukutana na mlembe mara mbili zaidi. Katika eneo geni, mrina asali asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Aliyeongozwa, saa 3.2. Wazee walisema kwamba ndege huwaonyesha hata umbali uliobaki. Vipimo vikawaunga mkono.

Hebu tusichanganye mwito huu na ule wa wawindaji wa koyote kule Marekani. Wao huiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa, koyote akaja akidhani amepata mlo, kumbe mlo ni yeye. Huo ni ulaghai, na koyote aliyeponea chupuchupu huwa hadanganyiki tena kwa urahisi. Mlembe haigiziwi chochote. Anaitwa, anakuja, na asali ikishatolewa hubakiziwa masega.

Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao hutamka brrr-hm. Claire Spottiswoode na wenzake walitaka kujua kama si kelele tu za binadamu zinazomvuta ndege. Matokeo yao ya 2016 yalikuwa wazi: palipotumiwa mwito huo, uwezekano wa kuongozwa ulipanda kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Maneno ya kawaida ya binadamu hayakufua dafu.

La kunikosesha usingizi mimi ni la 2023. Spottiswoode na Brian Wood waliupeleka mwito wa Wayao kwa Wahadza wa Tanzania, ambao hupiga mluzi, na mluzi wa Wahadza wakaupeleka Niassa. Milembe wa Uhadza waliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa kigeni. Wale wa Niassa, karibu mara mbili. Hizo ni lahaja, ati, na msikilizaji ana mabawa!

Wayao husema walirithi mwito kwa baba zao. Mlembe je? Hutaga katika viota vya ndege wengine, kwa hiyo kinda hana mzazi wa kumfunza. Hujifunza kwa watu wa pale alipo. Watu wakinyamaza, naye hana wa kumsikia. Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ndege hawa mwaka 1955, alikuwa ameona tayari kwamba desturi hii inafifia palipoingia sukari ya dukani.

Laikipia, Wayaaku wa Mukogodo, waliokuwa wawindaji na warina asali, waligeukia ufugaji na Kimaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Maneno ya Kiyaaku wanaisimu waliwahi kuyaandika kiasi. Nimepitia madodoso mengi ya lugha zilizo hatarini: majina ya ukoo, hesabu, viungo vya mwili, hata aina za nyuki. Sikumbuki hata moja lililouliza, ndege mnamwitaje?