Asiyeonekana Pichani

Mwaka 1893, mtu aliyetaka kuingia na kamera yake kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago alilipa dola 2 kwa siku, mbali na senti 50 za kiingilio. Kamera yenyewe iwe ndogo, ya kushika mkononi, kwani stendi za miguu mitatu zilipigwa marufuku. Picha kubwa, zile za kuuzwa, zilikuwa haki ya mpiga picha rasmi, Charles Dudley Arnold. Wenye maonyesho walikwisha kuelewa jambo ambalo bustani za burudani zinalifanyia biashara hadi leo: mgeni akishalipia kuingia, atalipia tena ushahidi kwamba aliingia.

Kwenye maonyesho hayohayo George Tilyou, aliyekuwa kwenye fungate na mkewe, aliliona gurudumu kubwa la Ferris akalitamani. Alipolikosa, alirudi New York akatengeneza lake dogo, na mwaka 1897 akafungua Steeplechase Park huko Coney Island. Luna Park ikafuata mwaka 1903, Dreamland mwaka 1904. Kandokando ya pembea na vibanda vya soseji wakajipanga wapiga picha waliotoa picha juu ya kipande cha bati kwa dakika chache tu. Mteja alikalia mwezi wa mbao uliochorwa macho na tabasamu, au alipenyeza kichwa kwenye tundu la ubao, mwili ukawa wa mtu mwingine kabisa. Ubao huo wenye tundu unahusishwa na Cassius Marcellus Coolidge, mchoraji yuleyule wa mbwa wanaocheza karata.

Mwambao wa kwetu unaujua mchezo huu. Pale kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha wa vibandani waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa ndege na meli, na aliyekuja kungoja feri akaondoka na picha ya safari ambayo hakuisafiri.

Kibandani, iwe Coney Island au Likoni, familia ilitoka nzima. Baba, mama, watoto na shangazi, wote walikuwamo, kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa mgeni wa kulipwa. Jambo hilo lilibadilika kimyakimya pale George Eastman alipoanza kuuza Kodak mwaka 1888, na zaidi alipotoa Brownie mwaka 1900 kwa dola 1. Kamera ikahamia nyumbani, na siku hiyohiyo mmoja wa nyumbani akatoka pichani. Katika albamu nyingi za zamani huyo ni baba, au ni mama, kwa kuwa matangazo ya Kodak yaliwalenga sana wanawake kama watunza kumbukumbu za familia. Mara chache utamwona kama kivuli chenye kofia kilicholala majanini miguuni pa watoto.

Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mbele ya kamera za televisheni ya ABC, na mmoja wa watangazaji siku hiyo alikuwa mwigizaji Ronald Reagan. Mtaa wa kuingilia ulikuwa na duka la Kodak tangu mwaka wa kwanza. Filamu ikikuishia, ulinunua nyingine bila kutoka nje ya lango. Baadaye vikaja vibao vya kumwonyesha mgeni mahali pa kusimama ili kasri ikae vizuri nyuma ya watoto. Wapo wanaovicheka vibao hivyo, kwamba vimefanya mamilioni ya familia kupiga picha ileile. Mimi naona vilisema ukweli kuhusu bustani yenyewe. Walt Disney na wasanifu wake walitoka katika studio za sinema; mtaa ule ulipangwa kama seti, na ghorofa za juu zilijengwa kwa vipimo vilivyopunguzwa ili jicho lidanganyike. Kila kona ilishawekewa fremu kabla mgeni hajafungua kamera yake.

Wahusika wa katuni, panya Mickey na wenzake, ndio walioanza vibaya. Mavazi ya siku ya ufunguzi yaliazimwa kwa kampuni ya maonyesho ya kuteleza kwenye barafu. Yalishonwa yatazamwe na watu walioketi mbali, wala si na mtoto aliyesimama hatua moja mbele. Ukiziona picha hizo leo, Mickey anatisha: uso bapa, macho makavu, na wavu mdomoni wa kumpa pumzi aliyemo ndani. Baadaye wasanii wa studio, akiwemo Bill Justice, waliyabuni upya mavazi, vichwa vikawa vya duara na nyuso zikawa na uchangamfu. Ndipo kumbatio la panya lilipokuwa picha ambayo mzazi wa Kimarekani aliiona kama deni kwa mwanawe.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa enzi hiyo ni sinema ya nyumbani. Mwaka 1956 Robbins Barstow wa Wethersfield, Connecticut, alishinda pamoja na mkewe na watoto wao watatu safari ya kwenda Disneyland katika shindano la kampuni ya gundi ya utepe. Barstow aliirekodi safari nzima kwa filamu ya milimita 16, na mwaka 1995 akaiongezea sauti yake akisimulia. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa. Mahali fulani humo anapita kijana muuza vitabu vya mwongozo, na miaka mingi baadaye mchekeshaji Steve Martin aliiona filamu hiyo akajitambua kuwa ndiye.

Kisha bustani ikaidai kamera yake. Kwenye Splash Mountain, iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1989, mashine ikaja kuwanasa abiria wakiporomoka na mtumbwi kwenye maporomoko, midomo wazi, na picha zikawangoja mwishoni zikiwa na bei. Katika muongo wa 2000 ikaja huduma ya PhotoPass: wapiga picha wa kampuni walisimama mbele ya kasri, wakapiga, wakakupa kadi yenye namba, nawe ukaangalia na kununua baadaye kwenye intaneti. Ni kibanda cha Coney Island kilichorudi bila ubao. Baba naye akarudi pichani, kwa malipo.

Kodak haikufaidi sana marejeo hayo. Mhandisi wake Steven Sasson alikuwa ameunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, lakini kampuni iliendelea kuishi kwa filamu na kusafisha picha. Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwaka huohuo udhamini wake katika bustani za Disney Marekani ukafika mwisho. Nikon ikachukua nafasi. Kufikia hapo simu ilishamrudisha pichani hata asiyekuwa na hela ya PhotoPass. Alinyoosha mkono tu. Mkono usipotosha, alitumia fimbo ya selfi, hadi fimbo zenyewe zilipopigwa marufuku bustanini mwishoni mwa Juni 2015 kwa sababu za usalama.

Lakini yupo mwingine ambaye picha hizi zote hazijapata kumwonyesha, ingawa ndiye aliyepigwa kuliko wote. Aliye ndani ya Mickey yumo katika albamu za familia asizozijua, duniani kote, bila sura. Hasemi. Anaona kwa shida, na jua la Florida, kwenye bustani nyingine ya Disney, linamchoma kupitia manyoya. Huko Florida wafanyakazi hao walikuwa wakirudisha nguo za ndani za kazini kila jioni na kupewa nyingine kesho yake, zilizovaliwa na wenzao. Wengine wakalalamika kuwa wamepata chawa na upele. Mwaka 2001, kwa makubaliano na chama chao, Teamsters, kila mmoja alipewa zake na kuruhusiwa kuzifua nyumbani.

Bustani zilipofunguliwa tena kwa masharti baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, wahusika walipunga mkono kutoka mbali, na familia zikapiga picha panya akiwa mdogo nyuma yao. Kukumbatiana kuliruhusiwa tena Aprili 2022. Miaka 2 baadaye, kwenye Disneyland ya California, ambako wafanyakazi wengi wa idara nyingine walikuwa na vyama tangu zamani, watu wapatao 1,700 wa idara za wahusika na magwaride walipiga kura kuhusu kujiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani. Mei 2024 matokeo yakatangazwa: 953 walikubali, 258 walikataa.