Mtumiaji wa Mawasiliano katika Pwani ya Kilwa na Lindi: Haki Zake na Njia ya Kufikisha Malalamiko

Mwezi Mei 2024 wakazi wa pwani ya Kilwa na Lindi walikumbwa na mambo mawili mazito ndani ya siku chache. Kwanza ulikuja upepo na mvua za Kimbunga Hidaya, na maji yakakata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Kisha, Mei 12, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa jirani.

Aliyekuwa na simu mkononi aliona jambo moja tu: huduma aliyoilipia haipatikani. Hata hivyo sababu zilikuwa tofauti kabisa. Mnara unaweza kuzimika kwa kukosa umeme au kwa sababu gari la mafuta ya jenereta limeshindwa kupita. Mkongo hukatika chini ya bahari, mbali na mipaka ya nchi, na kuutengeneza kunahitaji meli maalumu. Zaidi ya hayo zipo siku ambazo hakuna mvua wala hitilafu ya mkongo, na tatizo liko kwa mtoa huduma mwenyewe. Mtumiaji halazimiki kujua ni ipi kati ya sababu hizo. Anachohitaji kujua ni mahali pa kuuliza, na kwamba anayo haki ya kujibiwa.

Haki hiyo imewekwa na sheria. Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha TCRA, na sheria hiyo hiyo ikaunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalofahamika kwa kifupi kama TCRA-CCC. Baraza hilo si tawi la kampuni za simu, na majukumu yake ni tofauti na yale ya mdhibiti. Kazi yake ni kuwakilisha maslahi ya watumiaji, kupokea na kusambaza taarifa na maoni yao, na kuanzisha kamati za watumiaji mikoani na kushauriana nazo. Baadaye ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni za kumlinda mtumiaji zilizotolewa mwaka 2018.

Vifurushi: mfano wa maoni yaliyosikilizwa

Hakuna lalamiko linalozungumzwa zaidi, mijini na vijijini, kuliko la bando kuisha kabla ya wakati. Suala hilo lilifika kilele mwaka 2021. TCRA, baada ya kupokea malalamiko ya watumiaji, ilitoa kanuni ndogo za kusimamia vifurushi. Ndani yake yalikuwamo mambo ambayo wananchi walikuwa wakiyadai kwa muda mrefu: mtumiaji ajulishwe pale matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi, aweze kuhamishia sehemu ya kifurushi kwa mtu mwingine wa mtandao huo huo, na asikatwe salio la kawaida baada ya kifurushi kuisha bila yeye kuridhia.

Lakini vifurushi vipya vilipoanza kuonekana Aprili 2, 2021, bei zake zilizua manung'uniko nchi nzima. Serikali ilisitisha bei hizo siku hiyo hiyo na kuelekeza watumiaji warejeshewe vifurushi vya awali. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu linaonesha pande zote mbili za suala: maoni ya watumiaji yaliibua kanuni, na maoni yao hayo hayo yakasimamisha namna kanuni hizo zilivyotafsiriwa katika bei.

Kwa mtumiaji wa kawaida, ushahidi wa lalamiko la bando ni ujumbe mfupi. Ujumbe wa kuthibitisha ununuzi, wenye kiasi, muda wa matumizi na saa, usifutwe. Wapo wanaofuta kila kitu ili kupata nafasi kwenye kitochi, kisha wanafika dukani kwa wakala wakiwa na hasira tu. Mtoa huduma anaweza kufuatilia matumizi ya laini iwapo anatajiwa namba, siku na saa. Maelezo ya jumla kwamba “bando linaliwa” hayamsaidii yeyote.

Fedha kwenye simu na ujumbe wa matapeli

Kilwa ni mahali ambapo masultani walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi zilizopita, na sarafu hizo bado huokotwa na watafiti katika magofu ya Kilwa Kisiwani na kwingineko pwani. Leo fedha nyingi za pwani hiyo zinapita kwenye simu. Mvuvi hulipwa na mchuuzi kwa simu, mzazi hutuma nauli ya mwanafunzi, na mkulima wa ufuta au korosho aliyeuza kupitia chama chake cha msingi hutazama simu au akaunti yake ya benki kusubiri malipo ya mnada. Msimu wa malipo ndio msimu wa matapeli pia.

Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” unajulikana na karibu kila Mtanzania mwenye simu, na bado unanasa watu. Siri yake ni wakati: humfikia mtu ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mwenzake fedha. Ujumbe wa aina hiyo usijibiwe. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA kwa ajili ya kuripoti namba za utapeli. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa kwa mtoa huduma mara moja ili fedha zizuiwe ikiwa bado hazijatolewa, kisha afike kituo cha polisi. Kuripoti 15040 husaidia namba ifungiwe, lakini hakuchukui nafasi ya taarifa ya polisi.

Aliyekosea namba wakati wa kutuma fedha naye awahi kwa mtoa huduma. Kumpigia aliyepokea na kumbembeleza si kosa, ila dakika zinazopotea katika mabishano ndizo ambazo fedha hutolewa kwa wakala.

Lipo jambo jingine linalohusiana na hilo. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa ulianza Mei 1, 2019, na mwisho wa laini zisizosajiliwa kwa mfumo huo ulisogezwa kutoka Desemba 31, 2019 hadi Januari 20, 2020. Usajili huo ulilenga kuondoa laini zisizo na mwenyewe. Udhaifu uliobaki ni wa kibinadamu: mtu anaweka kidole mara mbili au tatu kwa wakala wa mwavuli, akiambiwa kwamba mara ya kwanza “haijasoma”, na laini ya pili inabaki mikononi mwa mwingine kwa jina lake. Kupiga *106# humwezesha mwananchi kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aikane kwa mtoa huduma husika. Huduma hii haihitaji simu janja.

Taarifa binafsi zinazotolewa wakati wa usajili zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakala anayenakili namba ya kitambulisho cha mteja kwenye daftari lake na kuitumia kwa shughuli nyingine hana ruhusa ya kufanya hivyo.

Redio, televisheni na tahadhari za bahari

Katika pwani ya Lindi redio si burudani tu. Wakati wa Kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo kuhusu mwendo wa kimbunga, na taarifa hizo zilipaswa kumfikia mtu aliye kwenye dau sawasawa na aliye ofisini. Mtandao wa simu hupungua kadiri chombo kinavyokwenda mbali na nchi kavu, hivyo kusikiliza utabiri wa bahari kabla ya kung'oa nanga hakuna mbadala.

Maudhui ya redio na televisheni nayo yana utaratibu wake wa malalamiko. Msikilizaji aliyekerwa na kipindi, kwa mfano lugha isiyofaa wakati watoto wanasikiliza au habari isiyo ya kweli inayomhusu, huanza na kituo chenyewe. Asiporidhika huwasilisha lalamiko TCRA, ambako lipo jukumu la Kamati ya Maudhui. Jina la kipindi, siku na saa ni lazima yatajwe, na lalamiko lifanywe mapema kabla rekodi haijaondolewa.

Kuhusu televisheni, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012 jijini Dar es Salaam, na tangu hapo king'amuzi kimekuwa sehemu ya samani za nyumbani. Mnunuzi wa pwani ya kusini aulize jambo moja kabla ya kulipa: je, king'amuzi hicho ni cha antena au cha dishi? Cha antena hutegemea mnara wa matangazo ulio karibu. Penye mnara mbali, au kilima katikati, picha itakatika hata kama kifaa ni kizima. Muuzaji anayejua hivyo na akanyamaza amemnyima mteja taarifa aliyostahili kupewa.

Hatua za kulalamika

Mlango wa kwanza ni mtoa huduma, na mteja asiondoke, au asikate simu, bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Hapa ndipo wengi hukwama. Dawati la huduma kwa wateja hupatikana kwa simu, na mtu wa kijiji kisicho na mtandao hawezi kupiga simu kueleza kwamba hana mtandao. Mkazi wa kisiwa cha Songo Songo hulazimika kuvuka bahari kufikia duka la huduma. Kwa mazingira hayo barua ina faida yake: iandikwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwa mteja. Kijiji kizima chenye tatizo moja kinaweza kuandika kwa pamoja kupitia ofisi ya mtendaji, na lalamiko la namna hiyo ni vigumu kulichukulia kama la mtu mmoja mwenye simu mbovu.

Mtoa huduma asipojibu, au jibu lisiporidhisha, lalamiko hupelekwa TCRA likiwa na namba ya kumbukumbu, nakala za ujumbe na maelezo ya kile mteja anachoomba: kurudishiwa fedha, huduma kurejeshwa, au laini kufungwa. Lisilo na ombi huchelewa. Baraza la watumiaji linaweza kumsaidia mlalamikaji asiyejua aandike nini. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana nafasi ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Si kila tatizo la simu ni la TCRA. Umeme unaokatika huanzia TANESCO kisha EWURA. Nauli na usumbufu wa mabasi ni kwa LATRA. Mgogoro wa mkopo au makato ya benki husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, yenye kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kupeleka barua mahali pasipo pake hakupotezi haki, ila hupoteza wiki kadhaa.

Mteja aliyechoka na mtandao wake anayo njia nyingine pia. Tangu Machi 1, 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake: huenda kwa wakala wa mtandao mpya akiwa na kitambulisho, kisha hutuma neno HAMA kwenda 15080. Masharti ni mepesi, ingawa njia hii haina maana pale ambapo mnara ni mmoja tu.

Maeneo kama hayo ndiyo yanayohusu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma ambako kampuni hazioni faida ya kibiashara. Mei 13, 2023 jijini Dodoma ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 nchini, Serikali ikichangia ruzuku. Wananchi wa kata isiyo na mtandao wawasilishe maombi yao kwa maandishi kupitia halmashauri, wakitaja vijiji, umbali hadi mnara ulio karibu, shule na zahanati zilizopo, na iwapo umeme umefika.